Maji au Nyama

Kwa zaidi ya miaka mia moja, daktari aliyejiwa na mwanaume mwenye uvimbe kwenye mfuko wa korodani alikuwa na vitu viwili tu vya kumsaidia: mkono wake na mwanga. Alifunga madirisha, akazima taa, akauweka mwanga nyuma ya uvimbe na kuutazama kwa mbele. Uvimbe uking'aa mwekundu, kama kiganja kilichofunika tochi usiku, ndani mna maji. Ukibaki mweusi, mna kitu kingine, na hapo daktari alibaki na maswali yake. Mwaka 1843, Thomas Curling, daktari mpasuaji wa London, alipotoa kitabu kizima kuhusu maradhi ya korodani, mwanga uliokuwepo ulikuwa wa mshumaa. Baadaye ikaja tochi ya betri. Swali halikubadilika: ni maji au si maji?

Ni kipimo kizuri, na simdharau anayekitumia mpaka leo. Lakini kina mipaka yake. Maji yakikaa miaka mingi, kuta za kifuko hunenepa na mwanga hushindwa kupita. Damu haipitishi mwanga, wala maji ya limfu yenye mafuta, meupe kama maziwa. Kwa mtoto mchanga mwenye ngiri, utumbo wenyewe huweza kupitisha mwanga, mtu akadhani ameona maji. Na kuna hatari kubwa kuliko zote hizo: maji huweza kujaa kuzunguka korodani yenye saratani. Tochi itaonyesha maji, na itakuwa imesema kweli, lakini mgonjwa atarudi nyumbani na ugonjwa wake mkubwa haujaguswa. Mkono nao hausaidii, kwa sababu maji yakijaa sana korodani haipapasiki tena.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi ugumu huo. Neno mshipa, kama wazee wanavyolitumia, hubeba ngiri na busha kwa pamoja: fulani ana mshipa, mshipa umemshuka. Ngirimaji, neno la hospitali, limeyafunga magonjwa mawili katika jina moja. Ngiri ni utumbo ulioteremka kupitia tundu la kinena. Busha ni maji yaliyojikusanya kuizunguka korodani. Lugha iliyapa majina yale ambayo jicho la nje linayaona: kitu kimeshuka, kimejaa, kinaning'inia. Kilichomo ndani hakikuwa na jina kwa sababu hakuna aliyekuwa amekiona bila kupasua.

Pwani, busha halikuhitaji kuelezwa. Richard Burton, katika kitabu chake kuhusu Zanzibar kilichotoka 1872, aliyaandika matende na uvimbe wa korodani kuwa maradhi ya kawaida ya watu wa visiwani. Wenyeji walikuwa na maelezo yao, na moja lingali hai mpaka leo: kwamba madafu yakinywewa sana huleta mabusha. Kosa hilo linaeleweka. Minazi na mbu hustawi katika ukanda uleule wa joto na unyevu, na mtu aliyezungukwa na vyote viwili aliulaumu mnazi, aliouona kila siku akiupanda.

Ukweli ulikusanywa kipande kipande, na mbali sana na hapa. Mwaka 1863, mjini Paris, Demarquay alikuta vijidudu vyembamba kwenye maji ya busha la mtu aliyetoka Havana. Mwaka 1866 Otto Wucherer akaviona kwenye mkojo wa wagonjwa wake huko Bahia, Brazil. Mwaka 1876 Joseph Bancroft wa Brisbane akampata mnyoo mkubwa mwenyewe, na mwaka uliofuata Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, akaonyesha kuwa mbu humeza vijidudu hivyo pamoja na damu. Mnyoo ukapewa majina ya wawili kati yao, Wuchereria bancrofti. Mnyoo huu, unaoenezwa na mbu, hukaa kwenye mishipa ya limfu, na kwa mwanaume hupenda hasa mishipa ya limfu iliyo karibu na korodani. Hukaa humo miaka, mwenye mwili hana habari.

Sasa twende bara. Burton na mwenzake Speke walipita Ugogo, nchi ya Wagogo katika nyanda za kati, mwaka 1857, kama ilivyopita misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora: misafara ilipumzika Mpwapwa, ikajaza vibuyu, ikaivuka Marenga Mkali isiyo na maji, kisha ikaanza kulipa hongo kwa watemi wa Wagogo. Mpwapwa ndipo wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipoweka kituo, na mwaka 1878 alikuwepo hapo daktari wao, Edward Baxter. Nikifikiria uganga wa kizungu katika nyanda za kati, naanzia kwake: daktari mmoja, sanduku la dawa, na kwa uvimbe wa aina hii, mkono na taa ya mafuta.

Uwanda huu haufanani na pwani. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miaka mingi haifiki milimeta 600. Mbu wapo, lakini hawana mwaka mzima wa kustarehe kama wenzao wa Rufiji au Pangani. Ndiyo maana mabusha yalihesabiwa kuwa maradhi ya watu wa pwani, na mwenyeji wa huku aliyevimba alijiona wa peke yake.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo, safari ya wiki nyingi kwa miguu ikawa safari ya usiku na mchana. Mwaka 1947 Waingereza wakafungua mradi wa karanga wa Kongwa, uliokufa ndani ya miaka michache lakini uliovuta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na baada ya miongo ya kusuasua serikali ikahamia kweli kuanzia 2016. Mtumishi aliyekulia Lindi sasa anaishi Nkuhungu, na mfanyabiashara wa Tanga ana duka Majengo, hapa hapa Dodoma. Wote wamekuja na miili yao na historia zake.

Hapa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu halijasemwa vya kutosha. Daktari wa pwani akikisia busha kwa kila mwanaume aliyevimba, atakuwa sahihi mara nyingi, kwa sababu wingi wa ugonjwa unamlinda. Daktari wa Dodoma hana kinga hiyo. Anayeingia chumbani kwake anaweza kuwa na busha la minyoo alilolipata Mafia miaka 20 iliyopita, au busha lisilo na minyoo, kwani maji hujikusanya hata pasipo mbu. Anaweza kuwa na ngiri ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, kifua kikuu kilichoshuka hadi kwenye mrija wa mbegu nyuma ya korodani, au saratani, ambayo huwapata zaidi vijana. Kwa nje vyote hivi huonekana kama mfuko uliojaa. Bara ndiko kukisia kunakogharimu zaidi.

Na gharama ilikuwepo. Kwa miaka mingi, dawa ya haraka ya busha ilikuwa sindano nene: unatoboa, unayavuta maji, mtu anatembea mwepesi. Mwaka 1832 huko Calcutta, James Ranald Martin alianza kuingiza iodini baada ya kuyatoa maji ili yasirudi. Bila iodini, maji hurudi baada ya wiki au miezi. Lakini aliyetoboa alikuwa akitoboa gizani. Kama kilichokuwa mfukoni ni utumbo, sindano iliingia kwenye utumbo. Kama ni saratani, ilitoboa ukuta uliokuwa ukiizuia isisambae. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikuleta nafuu hapa, maana hupiga picha mfupa, na kwayo maji na nyama laini hufanana.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimfikiria mwanaume. Ian Donald alikuwa daktari wa akina mama mjini Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alipakia kwenye magari uvimbe aliokuwa ameutoa kwa wagonjwa, mwingine wa nyama ngumu ya kizazi na mwingine wa maji ya ovari, akaupeleka Renfrew, kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichotengeneza matangi ya mvuke. Kiwanda kilikuwa na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma: inapeleka sauti ya kasi ambayo sikio halisikii, kisha inapima mwangwi unaorudi. Mafundi walimpa Donald pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Uvimbe wa maji ukaonyesha mwangwi kwenye kuta zake mbili, na katikati kimya. Wa nyama ukarudisha mwangwi mfululizo. Swali la mshumaa wa Curling lilikuwa limepata jibu lake, maji au nyama, na jibu lilitoka kwenye karakana ya mafundi chuma.

Mwaka 1958 Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown waliandika matokeo yao katika jarida la Lancet. Mgonjwa anayekumbukwa zaidi kati ya wale wa mwanzo ni mwanamke aliyeambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mashine ikaonyesha kifuko kikubwa cha maji ya ovari. Akapasuliwa, akapona.

Ilichukua zaidi ya miaka 15 mtu kuielekeza mashine hiyo kwenye korodani. Miskin na Bain, wa Toronto, waliandika juu ya hilo mwaka 1974. Ucheleweshaji huo una sababu ya kiufundi. Sauti yenye mawimbi marefu huingia ndani sana lakini huona kwa ukungu. Yenye mawimbi mafupi huona kwa makini lakini haifiki mbali. Korodani iko karibu na ngozi, kwa hiyo inahitaji mawimbi mafupi, yaani probu (kifaa cha mashine kinachogusishwa ngozi) ya megahezi 7 au zaidi, wakati mtoto tumboni anatazamwa kwa 3.5. Ukichukua probu ya wajawazito ukaitumia kwa mwanaume, utayaona maji, lakini doa dogo ndani ya korodani litakuponyoka.

Jambo hilo dogo lilikuja kuwa kubwa Afrika. Mwaka 1985 kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilizishauri nchi zetu kuichukua altrasaundi, yaani mashine hii ya mwangwi, kama kipimo cha kwanza baada ya eksirei, kwa sababu haina mionzi na haihitaji filamu. Miaka hiyohiyo, katika bonde la Kilombero kule Ifakara, watafiti walikuwa wakiwapima watoto wenye kichocho kwa mashine ya kubebeka na kuona vibofu na figo zilivyoharibika. Shirika likatoa mwongozo uliohaririwa na P.E.S. Palmer mwaka 1995, na ndani yake mna sura ya mfuko wa korodani na korodani zenyewe. Lakini mashine iliyopendekezwa kwa hospitali ndogo ilikuwa ya megahezi 3.5, na 5 kama inapatikana. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama na mtoto, na hakuna anayeweza kulaumu hilo katika nchi ambako akina mama walikuwa wakifa wakijifungua. Mwanaume aliipata kwa kupita mlango wao.

Tena ni mlango halisi. Katika hospitali nyingi chumba cha altrasaundi kiko karibu na kliniki ya wajawazito, na benchi la kusubiria limejaa akina mama wenye kadi zao. Mwanaume mwenye busha, aliyezoea kuvaa kanzu pana au shuka ili lisionekane, aketi hapo? Wengi hawakuketi. Waliondoka, wakarudi baada ya miaka, uvimbe umekuwa mzigo wa kubebwa kwa mkono. Aibu hii naiona kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 duniani wana madhara ya matende kwenye sehemu za siri, zaidi ni mabusha, na idadi kama hiyo haifichiki mpaka watu wenyewe wakubaliane kuificha.

Halafu mwaka 1994 ikatoka habari ya kushangaza kutoka Recife, Brazil. Fernando Amaral, Gerusa Dreyer, Joaquim Norões na wenzao waliweka probu ya megahezi 7.5 kwenye mfuko wa korodani wa wanaume wenye vijidudu damuni, wakawaona minyoo walio hai. Walikuwa ndani ya mishipa ya limfu iliyopanuka, wakijisokota bila kupumzika na bila kuhama mahali pao. Madaktari waliuita mwendo huo ngoma ya filaria, jina la jamii ya minyoo hii. Tangu Bancroft, mnyoo huyu alikuwa akipatikana kwa kisu tu. Sasa alionekana akiwa nyumbani kwake, kwa mtu asiye na maumivu wala uvimbe.

Tanzania haikukaa nyuma katika hilo, na hapa uwanda wa kati unaingia kwa mlango usiotarajiwa. Mwele Malecela alikuwa binti wa John Malecela, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, mwenyeji wa Mvumi, Dodoma. Alianza utafiti wa matende na mabusha mwaka 1987 katika kituo cha Amani, Tanga, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 2000 akauongoza mpango wa taifa wa kuyatokomeza, ulioanza kugawa ivermectin na albendazole kisiwani Mafia mwaka huohuo. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi hiyo, kisha mwaka 2018 akaenda Geneva, katika Shirika la Afya Duniani, kusimamia magonjwa yasiyopewa kipaumbele duniani kote, kazi aliyokuwa nayo mpaka alipofariki Februari 2022. Ninamheshimu kwa mambo mengi, na mojawapo ni hili: mtoto wa Ugogo, mwanamke, aliusema hadharani miaka yote hiyo ugonjwa ambao wanaume wa pwani hawakuweza kuwaambia hata wake zao.

Katika miaka hiyo, kijiji cha Kimang'a wilayani Pangani kikaingia kwenye vitabu vya tiba. Williams Makunde wa taasisi hiyohiyo, pamoja na Mark Taylor wa Liverpool, Achim Hoerauf, Sabine Mand na wengine, waliwagawa watu 72 wenye maambukizi katika makundi mawili. Kundi moja lilikunywa doxycycline miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, jingine vidonge visivyo na dawa. Dawa ile haimuui mnyoo moja kwa moja. Huwaua bakteria wanaoishi ndani yake, na bila wao mnyoo hudhoofika na kufa polepole. Lakini utajuaje kuwa mnyoo aliyejificha kwenye limfu amekufa? Damu haisemi yote. Altrasaundi ndiyo iliyosema. Baada ya miezi 14, ngoma ilionekana kwa 6 tu kati ya 27 waliokunywa dawa na kupimwa, na kwa 24 kati ya 27 wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2005, jarida lilelile la Donald.

Ugawaji wa dawa ulipoendelea mwaka hadi mwaka, vijidudu damuni vilipungua, lakini busha lililokwisha kujaa halinyweshwi kidonge likaisha. Linataka kisu. Ndiyo maana kambi za upasuaji zikafunguliwa Lindi, Mtwara na kwingineko pwani, wanaume wakapasuliwa kwa makundi. Wingi huo ulifanya kazi iende haraka. Dodoma hapana kambi ya namna hiyo inayoleta watu mia wa ugonjwa mmoja. Wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na lake.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, na madaktari wanafunzwa huko. Mwaka 2015 ikafunguliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kando yake, na mwaka 2018 ikapandikiza figo. Mtu wa Bahi au Manyoni ambaye zamani angeandikiwa rufaa ya Muhimbili sasa anapimwa kwa probu ya mawimbi mafupi pasipo kupanda treni. Na mashine zenyewe zimeongeza kitu ambacho Donald hakuwa nacho: zinaona damu inavyotembea. Hilo ni muhimu hasa kwa kijana anayeamka usiku na maumivu ya ghafla upande mmoja, korodani imejisokota kwenye kamba yake na damu imekatika. Ana saa kama 6 kabla haijafa. Maambukizi nayo huleta maumivu na uvimbe, lakini huko damu huongezeka. Skrini ikionyesha rangi ya damu, mgonjwa hupewa dawa. Skrini ikiwa tupu, hukimbizwa kwenye chumba cha upasuaji. Na kama dalili zenyewe ziko wazi, daktari mwenye busara hampeleki kwenye mashine hata kidogo, anampeleka kupasuliwa.

Kwa wengine wote, mambo huenda taratibu zaidi. Mgonjwa analala chali, anafunikwa taulo, mfuko unainuliwa kwa kitambaa kilichokunjwa, jeli ya baridi inapakwa. Chumba kinafanywa giza, kama alivyofanya Curling na mshumaa wake. Upande mzima huonekana kwanza, ili mtaalamu ajue korodani ya mtu huyu ikiwa salama ina sura gani: kijivu, chembe laini zilizolingana. Kisha upande uliovimba. Weusi mtupu kuzunguka kijivu ni maji. Vitu vinavyojikunja na kusogea vyenyewe mgonjwa akikohoa ni utumbo. Nyuma, mrija wa mbegu uliovimba na wenye matundutundu huamsha swali la kifua kikuu. Doa gumu nje ya korodani kwa kawaida si la kutisha, lakini doa gumu ndani yake huhesabiwa saratani mpaka ithibitike vinginevyo, hata liwe dogo kama punje ya mtama.

Mzee mwenye busha la miaka mingi huuliza akiwa bado amelala, "Ni maji, mwanangu?" Mtaalamu akishaona weusi pande zote na kijivu safi katikati, humgeuzia skrini. "Ni maji, babu. Hii hapa korodani yako, nzima." Mzee huitazama kwa muda. Kisha taa huwashwa, jeli hufutwa kwa karatasi, na anayefuata huitwa kwa namba. Mara nyingi ni mama mjamzito.